Barua ya wazi kwa wasimamizi wa uchaguzi na mawasiliano: mnailaumu simu, kisha mnaizima

Buguruni,
Dar es Salaam.

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia uchaguzi, na Waheshimiwa mnaosimamia mawasiliano,

YAH: TAARIFA ZA MPIGA KURA KUMFIKIA KWENYE SIMU, NA MTANDAO KUTOZIMWA WAKATI WA UCHAGUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari hapa Buguruni, si mbali na Barabara ya Uhuru. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za paspoti, na kwenye kompyuta mbili nilizonazo najazia watu fomu: mikopo ya elimu ya juu, maombi ya ajira, TIN, namba ya NIDA iliyosahaulika. Nje nimebandika karatasi: FOMU ZOTE ZA MTANDAONI TUNAJAZA. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita mama wa mtandao, cheo ambacho sikukiomba. Mtu asiyejua pa kuulizia jambo la serikali anakuja kwangu, anatoa kopi ya shilingi mia, anauliza maswali ya elfu tano.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono Desemba 2024, wiki chache baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Nakala yangu ninayo, imegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, muhuri mzuri wa bluu. Ya pili niliipeleka Machi 2025, wakati wa kuboresha daftari la wapiga kura hapa Dar es Salaam. Ya tatu nilituma kwa rejista mwishoni mwa mwaka huo. Ofisi nilizozipelekea sizitaji, kwa sababu walionipokea mapokezi ni watoto wa watu na walinihudumia kwa adabu. Jibu nililopata mara zote ni la mdomo: "Mama, linafanyiwa kazi." Nimesubiri. Sasa nawaandikia mbele za watu, labda mkono wa wengi utagonga mlango kwa sauti zaidi kuliko wangu.

Kilichonitoa kimya ni kauli niliyoisikia kwenye kikao cha mtaa. Mgeni aliyekuja kuzungumza nasi juu ya uchaguzi alisema vijana hawaendi kupiga kura kwa sababu wamehamia mtandaoni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana hao vijana nawaona kila siku wakiwa wamehamia huko, na wengi wamehamia kwenye kiti cha plastiki cha dukani kwangu, wananiuliza mambo ambayo ninyi ndio mlipaswa kuwa mmewajibu. Naomba niyataje yanayonikera moja baada ya jingine.

1. Kusingizia intaneti

Waheshimiwa, hesabu za uchaguzi wetu mnazo, na wananchi tunazo pia kwa sababu mlizitangaza. Mwaka 2010 waliojitokeza kumchagua Rais walikuwa takriban asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka huo simu janja ilikuwa ya watu wa kuhesabika; kebo ya intaneti ya SEACOM, ile ya chini ya bahari, ndiyo kwanza ilikuwa imetua pwani yetu, Julai 2009, na hapa Buguruni intaneti tuliifuata kwenye vibanda tukilipia kwa dakika. Mwaka 2015 simu janja zimeshajaa mikononi, magrupu ya WhatsApp yanalia usiku kucha, kila mtu ana picha ya mkutano wa Magufuli au wa Lowassa ya kumrushia mwenzake: waliojitokeza wakapanda hadi asilimia 67. Mwaka 2020 intaneti imeongezeka tena, waliojitokeza wakashuka hadi asilimia 50 na kidogo.

Sasa kama mtandao ndio unaoua kura, mwaka 2015 uliiua vipi? Na kama ndio unaoileta, mwaka 2020 ulikwenda wapi?

Waliokaa na kulichunguza jambo hili nchi za wenzetu hawakuja na jibu moja. Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa mahali intaneti yenye kasi ilipofika, wapiga kura walipungua kidogo, kwa sababu watu waliacha taarifa ya habari ya televisheni wakaenda kwenye burudani. Uingereza, kwenye chaguzi za halmashauri, ikaonekana hali ya namna hiyo hiyo. Italia nako mwanzoni walipungua. Kisha likazuka vuguvugu la mchekeshaji Beppe Grillo, lililojengwa mtandaoni, na kwenye uchaguzi wa 2013 sehemu ya waliokuwa wamejitoa wakarudi. Nchi ile ile, waya ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walikuta huko kitu kinachowahusu.

Mimi sikuhitaji kwenda Italia kulijua hilo. Kompyuta zangu ziko mbili, zimekaa bega kwa bega. Kwenye moja kijana anaangalia magoli ya Yanga, kwenye nyingine dada anatafuta kwa saa nzima tangazo la uandikishaji ambalo mtu ameliweka mahali pasipoonekana. Wote wako mtandaoni. Huyu wa pili mkimkosa kwenye foleni msiseme amepotezwa na intaneti.

2. Mpiga kura anatafutwa na wauza bahati nasibu, hatafutwi na uchaguzi

Hapa naomba mnivumilie, nitasema kirefu.

Siku ya kupiga kura mwaka 2020, kabla ya saa 4 asubuhi, alikuja dukani bibi mmoja wa jirani. Sisi tunamwita Bi Mkubwa. Kadi yake ya mpiga kura alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwenye leso, leso imefungwa kwenye pindo la khanga. Alikuwa ameamkia shuleni, maana ndiko alikoambiwa. Mnajua shule moja inavyokuwa siku hiyo: vituo vingi ndani ya uzio mmoja, kila darasa kituo chake, na majina yamegawanywa kwa herufi na kubandikwa ukutani. Buguruni hii, Waheshimiwa, nani jina lake halianzi na M? Mwajuma, Mwanahamisi, Mariamu, Mohamedi, Mussa, Mwanaidi. Karatasi za M peke yake zilijaza ukuta. Maandishi madogo, jua limeshawaka, watu wamejazana, na Bi Mkubwa macho yana mtoto wa jicho. Kijana mmoja akamsaidia kutafuta, jina hakuna. Akaelekezwa darasa la pili, hakuna. Akaelekezwa shule nyingine kabisa.

Alipofika kwangu alikuwa ameshazunguka sehemu tatu. Akaniwekea kadi mezani. "Mwanangu, wewe si ndiye mama wa mtandao? Niangalizie niko wapi." Nilihangaika na simu yangu hadi ikapata moto mkononi. Mwishowe nilifunga duka nikaenda naye, tukapata jina lake shuleni pale pale pa kwanza, darasa la mwisho karibu na vyoo. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja tofauti na anavyoliandika yeye, kwa hiyo likaangukia karatasi ya chumba kingine. Alipiga kura. Lakini aliniambia tukirudi, akiwa ameshika kiuno, kwamba mwakani (kwake uchaguzi wowote ujao ni mwakani) hataki tena kuchezeshwa kombolela na uzee wake.

Bi Mkubwa ana simu. Kitochi, cha vibonyezo, anakichaji kwa wiki mara mbili. Kwenye kitochi hicho anapokea ujumbe wa kumwambia abeti ashinde milioni. Anapokea ujumbe wa kumkumbusha kukopa salio. Anapokea salamu za Idi kutoka kwa kampuni ya simu. Wote hao wanamjua aliko. Ujumbe wa kumwambia "Kituo chako ni shule fulani, chumba namba fulani, njoo na kadi" hakuwahi kuupata.

Mtasema taarifa zipo kwa anayezitafuta. Sawa, na hata mlipoanzisha utaratibu wa mtu aliyekwisha kuandikishwa kuanza kurekebisha taarifa zake mtandaoni kabla ya kwenda kituoni, nilishangilia, kwa kuwa unapunguza foleni. Lakini sisi wa mtandaoni ndio wepesi kutafuta. Bi Mkubwa hatafuti, anatafutwa.

3. Madaftari mawili, tangazo moja lililopinda

Mwaka 2024 ndio nilipoandika barua ya kwanza, na sababu ilikuwa hii. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, na kuandikishwa kwake kulikuwa na orodha yake: Oktoba 11 hadi 20, siku kumi tu, kwenye mtaa unakoishi. Miezi hiyo hiyo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilikuwa linazunguka mikoani kuboreshwa. Madaftari mawili, malengo mawili, mwaka mmoja. Mtu mwenye kadi yake ya 2015 au 2020 akajua yuko tayari.

Kwenye grupu la mtaa wetu, lenye watu zaidi ya mia mbili, wakaanza kutuma picha za kadi zao. "Mimi tayari." "Mimi tayari tangu enzi za Magu." Nikaandika kwamba hapana, hii ni orodha nyingine, twendeni tukaandikishwe upya. Wakanibishia. Mmoja akaniuliza nimetoa wapi, nimeajiriwa na nani. Nikasema nitawaletea tangazo lenyewe.

Tangazo nililolipata lilikuwa karatasi zilizopigwa skani zikiwa zimepinda, kurasa nyingi, zina nembo na saini na vifungu vya sheria, na jambo analolihitaji mtu wa Buguruni limelala katikati ya ukurasa wa ndani. Faili zito. Kijana wa bodaboda anayenunua bando la mia tano kutwa nzima halifungui, na akilifungua bando limekwisha. Kwa hiyo hakulifungua. Nikalisoma mimi, nikaliandika kwa maneno manne ya kawaida, nikaprinti, nikabandika kwenye nguzo ya umeme. Siku ya tano ya uandikishaji ilikuwa imeshapita.

Waheshimiwa, uvumi unapotembea unakuwa mwepesi: mistari miwili, picha moja, sauti ya sekunde ishirini. Ukweli wenu unatembea na mizigo. Mkishindana hivyo mtashindwa kila siku, na mkishindwa mtasema mtandao ni mbaya.

4. Kuzima

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalisema kwa adabu.

Mwaka 2020 ujumbe mfupi wa kutumwa kwa watu wengi kwa pamoja ulisimamishwa kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11. Kura ilikuwa Oktoba 28. Maana yake ni kwamba njia ile ile ambayo ingemfikia Bi Mkubwa kwenye kitochi chake ilifungwa siku nne kabla hajaihitaji. Siku hizo pia WhatsApp na Twitter zilikuwa hazifunguki kwa wengi. Mwaka 2025 mtandao wa X, ile ile Twitter ya zamani, ulifungwa tangu Mei, na Oktoba 29, siku yenyewe ya kura, intaneti ikazimika nchi nzima. Jioni hapa Dar es Salaam tukaambiwa tusitoke nje. Yaliyotokea siku zile ni mazito, yana wenyewe wanaoyalilia, na mimi si mtu wa kuyaeleza kwenye barua ya mambo ya simu. Nitasema la mtandao tu.

Matokeo yalitangazwa Novemba 1, intaneti ikiwa bado haijarudi. Asubuhi ile jirani yangu aligonga dirisha la chumbani. "Mama wa mtandao, nani kashinda, na wamepata ngapi?" Nikawasha redio. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha cheo changu. Tukasikiliza wawili, dirisha limefunguliwa nusu, yeye nje mimi ndani, na kila namba iliposomwa tuliangaliana, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuifungua, kuisoma mara ya pili, kuilinganisha na ya kituo chetu, wala kumuuliza mtu wa mtaa wa pili kwao imekuwaje.

Yapo mambo mtakayonijibu. Mengine nimeshajibiwa kwa mdomo, kwa hiyo nayafahamu.

Mtasema ni usalama. Mtandao unaeneza uongo, na uongo unaua. Sikatai kwamba uongo unaenea. Nimeshaufuta mwenyewe kwenye grupu letu mara nyingi, mimi ndiye msimamizi wake. Lakini niwaambie nilichokiona usiku wa Oktoba 29 mtaani: uvumi haukuzimika. Ulipita madirishani, ukapita kwa waliopiga simu za kawaida, kila mlango ukiongezewa chumvi, na tulikosa pa kuuhakikishia. Siku za kawaida mtu akileta la uongo kwenye grupu, ndani ya dakika tano mwenzake anamletea picha ya kweli. Siku hizo tano aliyesema la mwisho ndiye aliyesema kweli.

Mtasema mwaka huo uliozimwa ndio watu walijitokeza kuliko wakati wowote, maana ilitangazwa kuwa ni asilimia 87, kwa hiyo intaneti haihitajiki. Hesabu hiyo ilitangazwa na wenye mamlaka ya kuitangaza. Mimi nasema tu kwamba ilitangazwa kwa watu waliofungiwa masikio. Kama ni hesabu nzuri, ilistahili kutoka mchana kweupe, ikaulizwa maswali, ikayajibu. Mkiizima taa ndipo mlete hesabu, mtakaa miaka mkibishiwa hata mkiwa sahihi.

Mtasema wengi hawana intaneti hata hivyo. Kweli, na ndiyo maana nazungumzia ujumbe mfupi, ambao hauhitaji bando. Mtasema gharama: waulizeni wa bahati nasibu wanamudu vipi, mimi wananitumia mara tatu kwa siku. Mtasema siri za watu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwandikishwaji anaweza kuulizwa kwa hiari kama anataka kukumbushwa kwa namba yake. Atakayekataa akatae.

5. Ujumbe una kazi, na una masharti

Nisionekane nimeota. Majirani zetu wameshajaribu.

Msumbiji, kwenye uchaguzi wa 2009, watafiti walipeleka kwa wananchi taarifa za uchaguzi kwa ujumbe mfupi, namba ya kutoa malalamiko, na gazeti la bure. Mahali vilipofika waliojitokeza waliongezeka kwa karibu pointi 5 za asilimia. Kenya, uchaguzi wa Machi 2013, tume yao ilituma ujumbe kwa wapiga kura karibu milioni 2 siku za mwisho. Waliojitokeza waliongezeka, ingawa kidogo sana, hata nusu ya pointi moja haikufika. Ila sikilizeni la pili, ndilo lililonifanya niitoe mfano: waliopokea ujumbe ule walikuja kuiamini tume kidogo kuliko wasioupokea. Kwa nini? Waliahidiwa mambo ya kisasa, wakafika vituoni wakakuta vifaa vya kuwatambua vimegoma. Ukimwita mtu kwake ukamkaribisha, akifika akute mlango umefungwa, bora usingemwita.

Kwa hiyo msije mkatuma ujumbe mtamu, kisha Bi Mkubwa akafika akakuta jina limeandikwa kwa herufi nyingine. Rekebisheni majina kwanza.

Kuna na la Marekani, la Facebook, Novemba 2010. Watu milioni 61 walionyeshwa tangazo la kuwakumbusha kura. Walioonyeshwa tangazo tupu hawakutikisika. Walioonyeshwa na sura za rafiki zao waliokwisha kupiga kura ndio waliokwenda, na wachunguzi wakakadiria kura zilizoongezeka kuwa 340,000. Mimi hilo halikunishangaza hata kidogo. Mwaka 2015, siku ya kura, grupu letu lilianza saa 2 asubuhi na picha moja: kidole cha fundi cherehani wetu kina wino, nyuma yake unaona ukuta wa shule. Ikaja ya pili. Kufikia saa 6 mchana vidole vilikuwa vimejaa simu, na mume wangu, ambaye alikuwa amesema hatoki, alivaa shati akatoka kwa aibu. Hakuna hotuba iliyomtoa. Kidole cha fundi kilimtoa.

Mwaka 2025 simu ilikuwa mkononi mwake, kidole cha fundi hakikuonekana.

Mjue pia nisichokiomba. Siombi tupigie kura kwenye simu. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa huko, lakini idadi ya wanaojitokeza iko pale pale, asilimia 63 au 64, kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyekuwa anapiga kura amebadilisha kiti tu. Kwa nchi ambayo bado tunabishana kuhusu karatasi ya ukutani, hilo lingekuwa kununua jokofu kabla ya kuvuta umeme.

6. Vijana na hofu

Dogo mmoja, anasoma chuo, alinijia akanong'ona kama anayeomba dawa ya zinaa: "Mama, niwekee VPN." Yaani programu ya kufungulia kurasa zilizofungiwa. Nikamwambia hiyo siwezi. Mnakumbuka tangazo la mwaka 2023 la kutaka wanaotumia VPN wajiorodheshe. Nina leseni ya biashara, nina watoto, siwezi. Akatoka. Alitaka kusoma habari tu. Mtoto akishafundishwa kwamba kusoma habari za nchi yake ni jambo la kunong'ona, kumkuta kwenye foleni saa 1 asubuhi amejipanga kwa hiari yake ni bahati.

NINAYOYAOMBA

(a) Kila aliyeandikishwa aliyeridhia kutoa namba yake apate ujumbe mfupi wa Kiswahili, mara mbili: mwezi mmoja kabla ya kura, na siku mbili kabla. Uwe na jina lake kama lilivyoandikwa, shule, chumba, na saa. Apewe na namba ya kujibu kama jina limekosewa, na atakayejibu ule ujumbe wa mwezi mmoja kabla asahihishiwe jina kabla ya siku ya kura.

(b) Tangazo lolote la uchaguzi litoke pia kwa maandishi mafupi ya kunakiliwa na kurushwa kwenye magrupu, yasiyozidi mistari sita, na kwa sauti kwa wasiosoma. Yale marefu yenye nembo yaendelee kuwepo, sisi wa steshenari tunayaprinti.

(c) Tuahidiwe kwa maandishi, mapema, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029 na uchaguzi mkuu wa 2030, kwamba intaneti na ujumbe mfupi havitazimwa siku ya kura wala wakati wa kuhesabu na kutangaza. Akitokea mhalifu, atafutwe mhalifu.

(d) Matokeo ya kila kituo, yale yanayobandikwa ukutani, yawekwe mtandaoni kituo kwa kituo, ili jirani yangu asigonge dirisha.

(e) Nijibiwe barua zangu tatu. Kwa maandishi. Hata kama jibu ni hapana.

La (a) naweza kusaidia bila malipo kwa mtaa wangu. Karatasi ya majina nipeni mapema, nitaibandika dukani kwa maandishi makubwa, na kijana wangu atakuwa anawasomea wazee. Herufi M nitaitengea ukuta mzima.

Duka liko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, isipokuwa Ijumaa mchana. Atakayetumwa kuleta jibu aulize pale kwenye muuza chipsi, atamwonyesha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa Mtandao,
Steshenari, Buguruni.

Nakala:
Mwenyekiti wa serikali ya mtaa wetu.
Grupu la mtaa.
Nguzo ya umeme.